Wasifu wa bibi ulisomwa dakika mbili, na jina la mama mdogo halikutajwa

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Mwanga hapa Kigoma mjini. Nimelelewa na bibi mzaa mama tangu nikiwa na miaka minne. Bibi alifariki mwaka jana, na mwezi ujao tuna misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Ndugu wamenipa kazi ya kuandika wasifu, na umeshanigombanisha na mjomba kabla sijaandika hata mstari.

Nianze na siku ya mazishi. Msomaji alisimama na nusu karatasi. Marehemu alizaliwa mwaka 1940 huko Kasulu, hakubahatika kusoma, aliolewa, alikuwa mkulima na mama wa nyumbani. Kisha ikaja presha, ikaja miguu kuvimba, zikaja hospitali alizolazwa na dawa alizobadilishiwa. Ameacha watoto 6, wajukuu 31 na vitukuu 14. Basi. Dakika mbili, na zaidi ya nusu ni ugonjwa. Mtu asiyemjua angeondoka akidhani bibi alikuja duniani kuumwa.

Shangazi, bibi hakuwa wa kukaa nyumbani. Chikichi alikuwa akizifuata Mwandiga na Simbo, anazichemsha kwenye pipa nyuma ya nyumba, anatwanga kwenye kinu, anakamua, anarudisha motoni mpaka mafuta yapande juu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchochea moto na kufukuza kuku. Kucha zake zilikuwa na rangi ya mawese siku zote, hata Krismasi, hata akizisugua kwa limau. Dagaa nao alikuwa nao. Alikuwa akiangalia juu jioni, akiona mwezi unakua anasema "haya, tupunguze mkono", kwa sababu mbalamwezi ikiingia wavuvi hawaendi ziwani na hela inakauka. Sukari ya nyumba nzima ilikuwa inafuata mwezi.

Siku ya msiba kuna mama mmoja mzee alikuja kutoka Kibirizi, hakuna aliyemjua. Alilia kwa sauti, "Aliyenikopesha debe la kwanza!" Akala ubwabwa, akaondoka. Hakuna aliyemuuliza jina.

Jambo linaloniumiza zaidi ni mama mdogo. Bibi hakumzaa. Alikuja mwaka 1972 akiwa mgongoni mwa mtu, ana miaka miwili hivi, watu walipokuwa wanavuka kukimbia machafuko ya Burundi. Aliyembeba hakurudi. Bibi akamweka na wanawe, wakala sinia moja, wakavaa kitambaa kimoja cha sare ya Krismasi. Miaka mitatu ya mwisho, bibi alipokuwa hawezi kusimama, ni mama mdogo aliyekuwa anamwogesha na kumgeuza. Kwenye wasifu walitajwa watoto 6. Yeye ni wa 7. Nilikuwa nimekaa naye mkeka mmoja. Hakusema kitu, alishika tu pindo la kitenge changu.

Mjomba mkubwa anasema tusome karatasi ileile, tubadilishe tarehe tu. Nilipomuuliza mwaka 1940 umetoka wapi, akasema kwenye kitambulisho. Nikamwambia mjomba, wewe cheti chako cha ubatizo kinasema 1952, ina maana bibi alikuzaa na miaka 12? Akaniambia marehemu hahesabiwi miaka, halafu akaongeza kwamba mimi ni mtoto wa binti, nina ukoo wangu, mambo ya kwao niwaachie wenyewe. Mama yangu anasema nimtii kaka yake. Na mama amenidokeza kitu ambacho sikuwahi kukijua: bibi alizika watoto watatu wachanga. Sasa hao nao niwaweke wapi?

Nifanyeje, Shangazi? Nisome karatasi yao ili amani iwepo? Au niandike ninachokijua, mjomba akasirike mbele ya padri?

Mjukuu, Mwanga

*

Marahaba mwanangu. Mwidiwe, nikusalimie kwa Kiha, na pole. Mwaka mmoja si mrefu, hasa kwa mtu aliyekuwa anachochea moto wa mawese akiwa mtoto.

Nikuambie kwanza kwamba wasifu mwingi wa bibi zetu unaandikwa hivyo hivyo ulivyousikia, na si kwa ubaya. Unaandikwa usiku wa msiba, na mtu mwenye mwandiko mzuri, ambaye kila anayemuuliza analia. Kitu pekee kilicho karibu na chenye tarehe ni faili la hospitali, ndiyo maana tunasomewa presha. Wewe una mwezi mzima. Usiandike kama mtu aliyeko msibani.

Tuanze na huo mwaka, maana ni rahisi kuliko unavyodhani. Wazee wengi hawakuwa na cheti. Walipofika kwenye meza ya kujiandikisha, karani aliuliza mwaka, mzee akanyamaza, karani akakadiria kwa kumtazama usoni. 1940 ya bibi yako inanukia makadirio. Umeniambia kwao ni Kasulu. Kuna mtu wa rika lake bado yupo? Mdogo wake, wifi yake, jirani aliyekwenda naye mtoni? Mpandie gari umfuate, chukua sukari na sabuni, na simu yako iwe na chaji ya kurekodi. Lakini usimuulize "bibi alizaliwa lini". Atakwambia hajui, na mazungumzo yatafia hapo. Muulize alikuwa anafanya kazi gani vita vya Hitla vilipoanza. Akikwambia bibi yako alikuwa tayari anabeba wadogo zake mgongoni, basi alikuwa na miaka 7 au 8. Vita vilianza 1939, toa 7 upate 1932, na mjomba wako wa 1952 atakuwa amezaliwa na mama wa miaka 20. Endelea hivyo hivyo. Aliolewa wakati Mwami Theresa Ntare, yule chifu mwanamke, anatawala Heru huko Kasulu, au baadaye? Machifu walipoondolewa mwaka 1963, alikuwa na watoto wangapi? Walipohamishwa kwenye vijiji miaka ya 1970, nyumba ipi ilibomolewa? Unga wa njano wa wakati wa njaa ya miaka hiyo, yanga, aliupikaje? Kila jibu linabana mwaka kutoka upande mmoja.

Kuna na karatasi. Kama alibatizwa, parokia aliyobatiziwa ina kitabu, na katekista mwenye subira atakufunulia. Pia angalia kwenye sanduku la babu. Kama babu alikwenda mkonge Tanga, kama wanaume wengi wa Buha, nchi ya Waha, walioitwa manamba, yaani vibarua wa mashamba makubwa, huenda kuna kipande chake, ile kadi ya kazi, kimekunjwa mahali. Miezi ambayo babu yuko mkongeni ni miezi ambayo bibi yupo peke yake na watoto na shamba, na hakuna aliyeiandika. Ukimaliza yote hayo na bado huna hakika, andika "alizaliwa yapata mwaka 1932". Neno "yapata" halimvunjii mtu heshima. Kinachomvunjia heshima ni kusomewa kanisani kwamba alizaa akiwa na miaka 12.

Sasa hilo la "hakubahatika kusoma". Lichunguze kabla ya kulirudia. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata akina mama wengi walikaa jioni chini ya mti na ubao, mtoto ananyonya, wao wanaandika a, e, i. Muulize mama yako kama bibi alikuwa anasoma mizani mwenyewe, kama alikuwa na daftari la wadaiwa, kama alikuwa anafuatisha kitabu cha nyimbo kanisani au anaimba kwa kichwa. Mtu anayekopesha debe la dagaa na kukumbuka nani kalipa nusu, ana hesabu kichwani au daftarini, moja kati ya hivyo viwili. Mimi nimeona daftari la namna hiyo la mama mmoja wa Ujiji: badala ya majina, alikuwa anachora. Mwenye kibiongo kachorwa mgongo, mwenye mapacha kachorewa vijiti viwili. Lakini hayo ni ya mwingine, turudi kwa bibi yako.

Kwenye "mama wa nyumbani" usigombane na neno. Weka kazi, neno litaondoka lenyewe. Ile barua uliyoniandikia mimi tayari ina wasifu ndani yake, wewe umeiita malalamiko. Pipa nyuma ya nyumba, kucha zenye rangi ya mawese, "tupunguze mkono" mwezi ukikua: hayo watu wa Kigoma wakiyasikia watamwona. Usiongeze "alikuwa mchapakazi, mcheshi, mwenye upendo kwa wote". Marehemu gani hakuwa mcheshi? Andika kwa mfano hivi:

"Bibi yetu alipika mawese nyuma ya nyumba yake Mwanga. Alinunua chikichi Mwandiga na Simbo, na dagaa alipokea Kibirizi. Mbalamwezi ilipoingia na wavuvi wakakaa, sisi tulikunywa chai ya chumvi, naye alikunywa ya mwisho. Kuna wenzake aliowapa debe la kwanza kwa mkopo ili waanze biashara. Mmoja wao alikuja kumzika, nasi hatukumuuliza jina."

Hiyo chai ya chumvi nimeiweka mimi. Itoe, uweke mliyokunywa kweli. Ila huo mstari wa mwisho uuache, tena kabla ya misa nenda Kibirizi ukaulize. Soko la dagaa si kubwa kiasi cha kumficha mama mzee aliyekuja msibani mwaka jana. Ukimpata mwalike, na mstari utabadilika.

Nakuja kwa mama mdogo, na hapa nakuomba uende polepole kuliko unavyotaka.

Ni kweli ameonewa. Mtoto aliyekuja na miaka miwili akazeesha mikono yake kwa kumwogesha mama, halafu siku ya mwisho hesabu ya watoto ikasomwa bila yeye. Nimesoma hapo uliposema alishika pindo la kitenge chako, nikaweka barua chini kidogo. Lakini habari ya alikotoka si yako, na si ya mjomba wako. Ni yake. Neno "mkimbizi" ukilisoma kwenye kipaza sauti mbele ya ukoo, majirani, viongozi wa mtaa na watu usiowajua, huwezi kulirudisha. Wengine waliovuka 1972 wamepewa uraia, wengine karatasi zao hazijanyooka mpaka leo, na wapo ambao watoto na wakwe zao hawajui kabisa. Hujaniambia yeye yuko kundi gani, na pengine hata wewe hujui. Kwa hiyo kabla ya mjomba, kabla ya padri, nenda kwake. Nenda mchana akiwa peke yake, mkichambua maharage au mkifanya chochote cha mikono, maana mambo haya hayasemeki vizuri watu wakitazamana. Mwambie: mama mdogo, nataka jina lako liwe kwenye wasifu, wewe unataka lisomwe vipi?

Huenda akasema "niweke na wenzangu", bila maelezo. Basi andika "watoto 7", utaje majina kwa kufuata umri, la kwake mahali pake, usiweke alama yoyote pembeni. Neno "wa kulea" asipolitaka, usilitie. Huenda akataka kusimama mwenyewe na kusimulia, na hiyo ni haki yake. Huenda pia akakwambia uache kama ilivyokuwa. Akisema hivyo, usimlazimishe kwa sababu wewe ndiye uliyeumia. Utampa sehemu nyingine: unaweza kuandika ni nani alimuuguza bibi miaka mitatu. Hilo hakuna mjomba wa kulipinga, kila jirani alikuwa anamwona akianika mashuka.

Wale wachanga watatu, muulize mama yako kama walipewa majina. Kama walipewa na yeye yuko radhi, yataje. Kama hapana, sentensi moja inatosha: "Watoto wengine watatu aliwazika wakiwa wachanga." Usieleze walikufa na nini. Wanawake wa rika lake watakaokuwa kwenye mabenchi wataelewa bila kuambiwa.

Basi tuje kwa mjomba wako, ambaye umenichorea kama ukuta. Maneno ya "mtoto wa binti" hayakuwa mazuri, nami siyatetei. Lakini tazama tena umri wake. Mtoto wa kwanza, wa 1952. Niambie, alisomea wapi? Vijana wa rika lake waliofaulu waliondoka nyumbani mapema, wengine kwa treni hadi Tabora, wakarudi likizo tu. Kama naye ni mmoja wao, basi mama yake alimjua kwa vipande: Desemba, Juni, Desemba. Wewe umeishi na bibi miaka yote, umeona kucha zake. Ukimpelekea karatasi uliyoiandika imejaa mambo asiyoyajua kuhusu mama yake mwenyewe, unadhani atasoma nini humo? Atasoma kwamba mtoto wa dada yake anamjua mama kuliko yeye. Mimi ningekuwa yeye ningekasirika pia, tena ningetafuta sababu ya ukoo kukukatalia.

Kwa hiyo usimpelekee karatasi. Mpelekee swali. Nenda jioni, msalimie vizuri, kaa chini, umwambie: mjomba, nimekwama, kuna kipande ambacho hakuna anayekijua ila wewe. Ulipokuwa unakwenda shule mara ya kwanza, sanduku lako alilinunua nani? Na bibi alikufungia nini cha kula njiani?

Halafu unyamaze. Akikaa kimya dakika tano, nawe kaa kimya dakika tano. Usimsaidie kwa kumkumbushia mawese. Kama sanduku lile lilinunuliwa kwa madebe ya mawese, na mimi naona ndivyo, maana mshahara wa kuli au wa mkonge ulikuwa haununui sanduku na kulisha nyumba, atafika huko mwenyewe. Andika anayosema kwa maneno yake, hata kama yatakuwa mafupi. Ukimaliza mwombe aisome sehemu hiyo yeye mwenyewe siku ya misa, kama mtoto mkubwa. Wewe utasoma iliyobaki. Padri akiwapa dakika tano, hizo ni kurasa mbili za mkono, zinawatosha wawili.

Akikataa hata hapo, usigombane naye kanisani. Karatasi yake ya nusu isomwe misani kama alivyotaka, umeirekebisha mwaka, maana huo una ushahidi nao. Ya kwako isome nyumbani baada ya chakula, wajukuu 31 wakiwa wamekaa, simu zikiwa zinarekodi. Nakala moja mpe mama yako, moja mpe yule mzee wa Kasulu uliyemrekodi hata kama hasomi, atasomewa. Nasikia siku hizi misa hizi zina fulana zenye picha ya marehemu. Sina ugomvi na fulana, ila michango yake ingechapisha nakala kwa kila nyumba na chenji ingebaki.

Anza na safari ya Kasulu wiki hii, kabla mvua haijaharibu barabara. Na ukirudi, kabla ya kuandika, mwambie mama mdogo akuonyeshe kile kinu kiliko. Usikisafishe.

Shangazi